Kiwanja cha Crossmaglen

Kusini mwa kaunti ya Armagh, Ireland ya Kaskazini, kuna mji uitwao Crossmaglen. Wakazi wake hawafiki 2,000. Una kanisa, shule, baa, maduka yanayotosheleza wakulima wa jirani, na uwanja wa soko ulio mkubwa mno kwa mji wa kiasi hicho. Mpaka wa Jamhuri ya Ireland uko umbali wa kutembea kwa miguu. Mjini humo humo kuna kiwanja cha mpira chenye jina la Mtakatifu Oliver Plunkett, Askofu Mkuu wa Armagh aliyehukumiwa kwa ushahidi wa uongo na kuuawa hadharani London mwaka 1681.

Kuanzia miaka ya 1970 hadi miaka ya 2000, shabiki aliyekwenda kuangalia mechi hapo alitazama nyasi na magoli, na nyuma yake akaona ukuta mrefu, mabati, seng'enge, antena na mnara wa ulinzi. Hiyo ilikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, iliyojengwa kukizunguka kituo cha polisi kilichopakana na kiwanja. Sehemu ya ardhi ya klabu ilitwaliwa ili helikopta zipate pa kutua. Zilipopita chini chini wakati wa mechi, refa hakusikika, wala mchezaji hakumsikia mwenzake aliyekuwa hatua chache kutoka kwake.

Timu ya kiwanja hicho, Crossmaglen Rangers, imekuwa bingwa wa klabu zote za Ireland mara sita: 1997, 1999, 2000, 2007, 2011 na 2012. Mataji matatu ya kwanza yalichukuliwa kambi ikiwa bado imesimama pale pale. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima kwanza tuelewe klabu ni nini katika mchezo huu, maana haifanani na klabu tulizozizoea.

Msomaji wa Simba na Yanga, au wa Gor Mahia na AFC Leopards, amezoea msimu wa usajili: mchezaji wa Mbeya leo yuko Dar es Salaam, kesho yuko Morocco. Katika kandanda ya Kigaeli, mchezo wa asili ya Ireland unaochezwa hapo Crossmaglen, jambo hilo halipo. Mtu huchezea parokia aliyozaliwa au anayoishi. Hanunuliwi, hauzwi, wala halipwi mshahara. Beki aliyekuwa mbele ya watazamaji 80,000 Croke Park, Dublin, siku ya Jumapili, Jumatatu asubuhi yuko darasani anafundisha, au juu ya paa anaezeka, au zizini na ng'ombe. Kocha wa watoto hafanyi kazi hiyo kwa ujira. Anayepiga chokaa mistari ya kiwanja ni mzazi wa mmoja wa wachezaji. Timu ikifungwa, haiwezi kwenda sokoni kutafuta mshambuliaji. Itabidi isubiri mtoto fulani wa darasa la tano akue.

Ndiyo maana kiwanja ni kila kitu. Klabu inayonunua wachezaji inaweza kuhama mtaa na kubaki ile ile. Klabu ya parokia haina pa kuhamia.

Chama kinachosimamia michezo hii, ambacho watu wote hukiita GAA kwa kifupi, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes, mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Mwitaji wa kikao alikuwa Michael Cusack, mwalimu kutoka kaunti ya Clare, na mwenyekiti wa kwanza akawa mwanariadha mashuhuri Maurice Davin. Nia yao ilikuwa kufufua michezo ya wenyeji ambayo ilikuwa ikififia mbele ya kriketi na raga, na kuwafungulia milango vibarua na wakulima waliokuwa wakifungiwa nje ya mashindano ya riadha ya waungwana. Ulikuwa wakati wa vita vya ardhi, wapangaji wakivutana na mabwana mashamba, familia zikitolewa nje ya nyumba zao na vyombo vikitupwa barabarani. Chama cha michezo kilichozaliwa humo kisingeweza kuwa cha michezo mitupu. Polisi wa serikali walikifuatilia tangu miaka yake ya kwanza, na chama nacho kikawapiga marufuku polisi kuwa wanachama.

Michezo mikuu ni miwili. Halingi ni mchezo wa kale sana, unaochezwa kwa fimbo ya mti uitwao ash kwa Kiingereza, yenye bapa mwishoni, na kijipira kigumu cha ngozi kinachopaa kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kandanda ya Kigaeli huchezwa kwa mikono na miguu. Mchezaji hukimbia na mpira mkononi, lakini asizidishe hatua nne bila kuudundisha chini au kuupiga kwa ncha ya mguu urudi mikononi mwake. Katika michezo yote miwili timu ina watu 15, na goli lina nguzo ndefu zinazopanda juu ya mwamba. Kwa kawaida mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukitikisa wavu ni pointi tatu. Kwa hiyo matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili: 2-13 maana yake ni magoli mawili na pointi 13, jumla 19.

Zipo parokia zinazoibeba michezo yote miwili. Slaughtneil, kijiji cha kaunti ya Derry, mwaka 2016 kilikuwa bingwa wa jimbo la Ulster katika kandanda, katika halingi na katika kamogi, yaani halingi ya wanawake, mwaka ule ule. Hilo ni jambo la kuvua kofia. Kusini mwa Armagh hali ni nyingine. Halingi ya kaunti hiyo iko zaidi upande wa magharibi, Keady na Middletown, na huku Crossmaglen kandanda ndiyo dini ya pili.

Rangers walianza mwaka 1887, miaka mitatu tu baada ya kikao cha Thurles. Mashindano ya kwanza ya Ireland nzima nayo yalifunguliwa mwaka huo, na kilele cha halingi kikachezwa mjini Birr mwezi Aprili 1888, Thurles ya Tipperary ikaifunga Meelick ya Galway 1-1 kwa 0-0. Rangi za Crossmaglen ni nyeusi na kaharabu. Kwa miongo mingi waliishi maisha ya klabu ya kawaida ya mashambani: wanatwaa kombe la kaunti, wanalipoteza, wanagombana na majirani wa parokia ya pili, wanapatana msibani.

Siasa za mbali ndizo zilizowafuata mlangoni. Ireland ilipogawanywa baada ya vita vya uhuru, Crossmaglen iliangukia upande wa kaskazini, chini ya Uingereza, ingawa watu wake karibu wote walikuwa Wakatoliki na wazalendo wa Ireland, na soko lao, ndugu zao na mashamba yao vilitapakaa pande zote mbili za mstari. Tume ya mipaka ilipendekeza mwaka 1925 kwamba kusini mwa Armagh kurudishwe upande wa kusini. Serikali zilizohusika zikaifungia ripoti kabatini na mstari ukabaki ulipokuwa. Timu ya mpira ikawa mojawapo ya mambo machache ambayo hayakutambua mstari huo, kwa kuwa GAA ilibaki chama kimoja cha kisiwa kizima.

Agosti 1969, baada ya ghasia kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, jeshi la Uingereza liliingia mitaa ya Ireland ya Kaskazini. Kusini mwa Armagh kukawa mahali pabaya kuliko pote kwa askari. Kikosi cha eneo hilo cha IRA, jeshi la siri lililopigana kuuondoa utawala wa Uingereza, kilikuwa na ujuzi wa mabomu ya barabarani, na kilimjua kila mtu na kila kichochoro. Jeshi likaacha karibu kabisa kutumia barabara. Chakula, barua, risasi, askari wa zamu, hata takataka za kambi, vyote vilisafirishwa kwa helikopta, hadi kituo cha Bessbrook kilichohudumia eneo hilo kikatajwa kuwa miongoni mwa viwanja vya helikopta vyenye shughuli nyingi kuliko vyote Ulaya. Hapo ndipo ardhi ya Rangers ilipopata thamani isiyo ya kimichezo: ilikuwa tambarare, ilikuwa wazi, na ilikuwa mlangoni mwa kituo cha polisi.

Sitaki kuandika kana kwamba maumivu yalikuwa ya upande mmoja. Mnara wa ulinzi uliosimamishwa kwenye uwanja wa soko wa Crossmaglen uliitwa kwa jina la askari wa miaka 19 aliyeuawa mjini humo Agosti 1976 kwa bomu lililofichwa kwenye baiskeli. Huyo naye alikuwa mtoto wa mtu. Tarehe 12 Februari 1997, mdunguaji wa IRA alimuua Stephen Restorick, askari wa miaka 23, kwenye kizuizi cha Bessbrook. Akawa askari wa mwisho wa Uingereza kuuawa kabla ya mkataba wa amani. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Rangers walicheza fainali yao ya kwanza ya Ireland.

Na kuwa mtu wa GAA kulikuwa na hatari yake. Februari 1988 Aidan McAnespie alipita kizuizi cha jeshi cha Aughnacloy, kaunti ya Tyrone, akienda kwa miguu uwanjani kuangalia mechi, akapigwa risasi mgongoni akafa. Mwanajeshi aliyefyatua alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia mwaka 2022, miaka 34 baadaye. Mei 1997 Seán Brown, mwenyekiti wa klabu ya Bellaghy, kaunti ya Derry, alitekwa na wanamgambo wa kiprotestanti alipokuwa akifunga geti la klabu usiku, akauawa. Familia yake imepigania kwa miaka mingi ufanyike uchunguzi wa hadharani. Geti la klabu, funguo mkononi, kazi ya kujitolea ambayo kila mwenyekiti wa parokia huifanya: watu wa Crossmaglen walijua maana yake bila kuelezwa.

Klabu ilidai ardhi yake kwa njia zote halali zilizokuwepo. Makao makuu ya GAA yalilalamika, bunge la Dublin likalizungumzia, serikali ya Ireland ikaliulizia London mara kwa mara. Madai ya fidia yalivutwa miaka na miaka. Wakati huo wote waliendelea kukata nyasi, kupaka chokaa na kupanga ratiba za watoto. Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo yanayopendwa sana kuhusu timu hii, kwamba kambi ndiyo iliyowafanya mabingwa, kwamba hasira iligeuka vikombe. Hasira wanayo wengi. Kambi ilikuwepo miaka yote ya 1970 na 1980, na baada ya taji la kaunti la 1986 Rangers walikaa miaka kumi bila hata kombe la Armagh. Kilichobadilisha mambo ni kizazi cha vijana waliofundishwa pamoja tangu utotoni, na mtu mmoja aliyejua la kufanya nao.

Mtu huyo ni Joe Kernan. Aliwahi kuichezea Rangers, na mwaka 1977 alikuwa na timu ya kaunti ya Armagh, inayokusanya wachezaji kutoka klabu za kaunti nzima, kwenye fainali ya Ireland dhidi ya Dublin. Alifunga magoli mawili siku hiyo, lakini Armagh wakachapwa 5-12 kwa 3-6. Alipokabidhiwa klabu yake kama kocha, alikuta ndugu pacha John na Tony McEntee, Oisín McConville, beki wa kukaba mpaka mtu achoke Francie Bellew, na wengine wa rika lao. Mwaka 1996 walitwaa kaunti, kisha Ulster. Tarehe 17 Machi 1997, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa siku ya fainali ya klabu, waliwafunga Knockmore wa Mayo 2-13 kwa 0-11 pale Croke Park. Mwaka 1999 wakawapita Ballina Stephenites kwa pointi moja, 0-9 kwa 0-8. Mwaka 2000 wakawafunga Na Fianna wa Dublin 1-14 kwa 0-12, mji mdogo wa mpakani dhidi ya klabu ya mji mkuu. Huko Armagh walibeba kombe la kaunti mara 13 mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2008. Watoto waliozaliwa mwaka wa taji la kwanza waliingia sekondari bila kujua bingwa mwingine.

Kernan akapelekwa kuifundisha Armagh yenyewe, kaunti ambayo haikuwahi hata mara moja kulibeba kombe kuu la Sam Maguire. Fainali ya Septemba 2002 dhidi ya Kerry ilikuwa ngumu. McConville alikosa penalti kabla ya mapumziko, na Armagh wakaingia chumba cha kubadilishia nguo wakiwa nyuma pointi nne. Kernan alichukua kibao cha kumbukumbu alichopewa 1977 kama mshindwa, akawaonyesha wachezaji, akawauliza kama hicho ndicho wanachotaka kwenda nacho nyumbani, kisha akakibamiza ukutani kikavunjika. Kipindi cha pili McConville yule yule alifunga goli. Armagh 1-12, Kerry 0-14. Sam Maguire ya kwanza ya Armagh, kwa pointi moja.

McConville anastahili kusemwa zaidi, kwa sababu ushujaa wake mkubwa ulikuja baadaye. Miaka ile ya vikombe, kamari ilikuwa ikimmaliza. Alijitokeza hadharani, akaandika kitabu kuhusu maisha hayo mwaka 2007, akasomea ushauri nasaha na kuanza kuwasaidia wengine wenye uraibu huo huo, wakiwemo wachezaji. Katika mji ambao wanaume walifundishwa na miaka ya vita kufunga midomo, kusimama na kusema hivyo kulihitaji moyo kuliko penalti yoyote.

Mkataba wa amani, uitwao Mkataba wa Ijumaa Kuu, ulitiwa saini 1998. GAA bado ilikuwa na kanuni yake namba 21, iliyowazuia polisi na askari wa Uingereza kujiunga. Novemba 2001, siku chache baada ya jeshi jipya la polisi kuzaliwa, mkutano maalumu uliifuta. Kati ya kaunti sita za kaskazini ni Down peke yake iliyounga mkono. Ni rahisi kuzilaumu hizo nyingine tano kwa ugumu wa shingo. Lakini Armagh walipiga kura wakati kambi ya Crossmaglen ingali na watu ndani yake. Naamini kuifuta kulikuwa sahihi, na naamini pia kwamba mtu ambaye ardhi yake haijarudi ana haki ya kuwa wa mwisho kukubali.

Ardhi ilirudi kidogo kidogo. Minara ya vilimani ilishushwa katikati ya miaka ya 2000. Tarehe 31 Julai 2007 operesheni ya jeshi iliyodumu miaka 38 ilifungwa rasmi, na miaka hiyo hiyo sura ya kambi ikatoweka kando ya kiwanja. Rangers walikuwa mabingwa tena mwaka huo wa 2007: walitoka sare na Dr Crokes wa Killarney, kisha wakashinda mechi ya marudiano 0-13 kwa 1-5. Mwaka 2011 waliwafunga St Brigid's wa Roscommon, na 2012 wakawachapa Garrycastle 2-19 kwa 1-7 katika marudiano mjini Cavan, chini ya Tony McEntee na mwenzake Gareth O'Neill. Yule kijana wa 1997 sasa ndiye aliyeandika majina ya kikosi, na baadhi ya waliovaa jezi walikuwa watoto wa Kernan. Mataji hayo mawili ya mwisho yalipatikana bila ukuta wala helikopta, jambo linalozidi kunithibitishia kwamba siri haikuwa kambi.

Ufalme haukudumu, wala haukutarajiwa kudumu. Pearse Óg wa mji wa Armagh waliukata mfululizo wa kaunti mwaka 2009. Fainali ya 2021 ilikwenda kwa Clann Éireann wa Lurgan, waliokuwa hawajalishika kombe hilo tangu 1963, na waliowafunga siku hiyo ni Rangers wenyewe. Klabu nyingine za kaunti zilikuwa zimelazimika, kwa karibu miaka 25, kufanya mazoezi kwa kipimo cha Crossmaglen au kukubali kufungwa kila mwaka, na nyingi zilichagua mazoezi. Julai 2024 Armagh walishinda Sam Maguire kwa mara ya pili katika historia yao, 1-11 kwa 0-13 dhidi ya Galway, wakifundishwa na Kieran McGeeney, nahodha wa 2002 aliyetoka klabu jirani ya Mullaghbawn. Rian O'Neill wa Crossmaglen alikuwa miongoni mwa washambuliaji wake, lakini goli la pekee la Armagh lilifungwa na Aaron McKay, mchezaji wa Dromintee, parokia nyingine ya kusini mwa Armagh.